Acheni kumhesabia mpigaji pushapu

Jumamosi mzazi mwingine kanivuta pembeni ya uwanja wa besiboli: "Kocha, huyu mwanangu muongezee pushapu. Mikono haina nguvu, ndiyo maana hapigi." Ni mzazi wa nne kuniambia hivyo mwezi huu. Mwanawe ana miaka 15, ni shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, hakuna anayemfikia kwa kudaka. Akishika gongo, straiki tatu (mipira aliyoikosa, au aliyoiacha ikapita eneo la kupigwa), anarudi benchi. Na karibu zote kazifuata mwenyewe nje ya pleti, kibao anachosimama kando yake.

Wanaopenda misuli hunitajia Bobby Witt Jr., shotistopu wa Kansas City Royals. Haya, tumtazame. Mwaka 2022, mgeni kwenye ligi kuu ya Marekani, alipiga wastani wa .254 (mapigo safi 254 kwa kila zamu 1,000 za kupiga) na homurani 20, yaani mapigo ya kuvuka uzio. Mwaka 2023, .276 na homurani 30. Mwaka 2024, .332 na homurani 32, akaongoza kwa wastani American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu hiyo. Kati ya miaka hiyo miwili ya mwisho homurani zimeongezeka mbili tu, wastani umepanda pointi 56. Misuli gani hiyo?

Safu ambayo watu hawaisomi ni hii: besi za bure (mrushaji akikosa shabaha mara nne, mpigaji anakwenda besi ya kwanza bila kupiga) 30, kisha 40, kisha 57. Kutolewa kwa straiki tatu 135, kisha 121, kisha 106. Kweli, besi nyingine alipewa makusudi kwa kuogopwa. Lakini huogopwi kama unafuata kila kinachorushwa.

Hapa ndipo uvumilivu unaponiishia. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unakufikia kwa takriban sekunde 0.4. Uamuzi lazima uwe umeshafanyika mpira ukiwa bado njiani. Slaida, mpira unaopinda mwishoni, inatoka mkononi ikifanana na straiki, inaishia vumbini. Ukiifuata, hata uwe na mikono ya mbeba magunia, utaigusa kwa ncha ya gongo na mpira utabingirika taratibu hadi kwa mlinzi wa besi ya pili. Umetoka. Ukiiacha, ni boli, yaani mrushaji kakosa shabaha. Ukiiacha na ya pili, ni boli mbili bila straiki, na sasa mrushaji ndiye mwenye shida: lazima alete mpira katikati. Huo ndio wa kupiga. Mtoto anayefuata kila kitu hauoni kamwe, kwa sababu hakuna mrushaji mwenye akili atakayemletea.

Kwa hiyo kijana wangu namsimamisha kwenye pleti bila gongo. Mipira nimeipaka nukta kwa rangi ya kucha, mingine nyekundu, mingine buluu. Ataje rangi kabla mpira haujaingia glavu. Siku ya kwanza alikuwa anabahatisha. Kidevu kilikimbilia besi ya tatu kabla mpira haujafika. Wiki ya tatu kidevu kimetulia, na rangi anaitaja mapema.

Si wote wanaofika hapo. Wapo niliowafanyisha zoezi hili mwaka mzima na slaida bado wanaifuata. Siamini tena kwamba jicho linafundishika kwa kila mtoto. Hata ile .332 ya Witt, sehemu yake ni miguu yake na mipira iliyodondoka penye nafasi; 2025 alirudi .295.

Jumamosi hiyohiyo kijana aliacha mipira minne, yote boli, huku baba yake akipiga kelele, "Piga! Piga!" Akatupa gongo, akakimbia besi ya kwanza. Nimemwomba mzee Jumamosi ijayo asimame nyuma ya wavu, upande wa mdakaji, anihesabie mipira anayoiacha mwanawe.