Kuku wa Jeddah hakudungwa sindano

Juzi mteja wangu wa Bamburi, mama anayefuga kuku wa gredi mia tano nyuma ya nyumba, alinisikilizisha ujumbe wa sauti kutoka kwa dada yake aliye Jeddah. Dada anasema kule kuku mzima wa barafu, aliyechinjwa Brazili na kuvuka bahari, ni rahisi kuliko kuku wa soko la Kongowea hapa Mombasa. Kisha likaja lile neno: "Hao wanadungwa homoni, ndiyo sababu." Mama akanitazama. "Si ndivyo, mwanangu?"

Sivyo. Nimelijibu swali hili sokoni, nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, hata matangani. Kazi yangu ni kupanga fomula za chakula cha kuku kwenye kinu kimoja hapa Mombasa, huu mwaka wa 17, na sasa naliandika jibu lote mahali pamoja.

Homoni kwanza, zituondokee. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukimlisha kuku, tumbo lake litaivunja kama linavyovunja soya. Ili ifanye kazi lazima idungwe, tena na tena, kuku mmoja mmoja. Banda moja la kibiashara lina kuku elfu ishirini, elfu thelathini, na wote watachinjwa kabla ya wiki ya saba. Nani atawashika mmoja mmoja, na kwa mshahara gani? Marekani ilipiga marufuku homoni kwenye kuku tangu miaka ya 1950. Ile chupa unayoiona kwa jirani ni chanjo ya magonjwa ya kuku, kideri au Gumboro.

Kinachomkuza ni mbegu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitoa matokeo ya jaribio ambalo natamani kila mfugaji alijue. Walichukua kuku wa aina tatu: mbegu iliyohifadhiwa bila kuboreshwa tangu 1957, nyingine tangu 1978, na ya tatu ya kibiashara ya 2005. Wakawalisha chakula kimoja. Siku ya 56, wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Hapakuwa na sindano, ni uteuzi wa majogoo na matembe, kizazi baada ya kizazi. Na mbegu hiyo si siri ya Wabrazili. Kuku wa nyama wengi duniani ni wa mbegu ya Cobb au Ross, na kifaranga wa siku moja unayemnunua hapa kwenye boksi la matundu ni wa ukoo huohuo.

Basi ikiwa kifaranga ni mmoja, bei inatofautiana wapi? Hapa ndipo nataka tukae.

Katika gharama ya kumlea kuku wa gredi, chakula huchukua asilimia 60 hadi 70. Banda zuri la Brazili hutumia takriban kilo 1.6 za chakula kupata kilo moja ya kuku hai. Mfugaji wangu wa kawaida huku Pwani akifika 2 anashukuru, maana kuku hatoi jasho. Joto la Februari likimshika anahema na kuacha kula, na siku zinaongezeka bila nyama kuongezeka. Kwa kuku wa kilo mbili, hiyo ni tofauti ya gramu 800 za chakula kabla hatujauliza chakula chenyewe ni cha bei gani.

Na bei ya chakula ndiyo donda. Mbrazili wa Mato Grosso anavuna soya, na katika shamba lilelile, mwaka uleule, anapanda mahindi ya msimu wa pili. Viungo viwili vikuu vya fomula yangu vinatoka kwake kwenye ardhi moja, na sehemu kubwa ya mahindi yale imelimwa kwa ajili ya mnyama tangu mwanzo. Kwetu mahindi ni meupe, ni ya watu. Mvua ikikosa Kitale kunakolimwa mahindi yetu, kuku wa Bamburi anagombea sima na mwenye kumfuga. Sijawahi kuona fomula inayoshinda ugomvi huo. Soya yetu ni kidogo mno, kwa hiyo tunangoja malori kutoka Zambia, Malawi, Uganda. Protini ya samaki tunaitafuta kwenye omena wa Ziwa Victoria, na mara ngapi nimepima omena nikakuta nimeuziwa mchanga! Mtu akiniambia tumeshindwa na Wabrazili kwa uvivu, nashikwa na hasira kweli, kwa sababu namjua mama huyu anaamka saa kumi za usiku kubadilisha maji.

Halafu kuna jambo la mapaja, ambalo hata wenye maduka hulielewa vibaya. Wamarekani, wazalishaji wakubwa kuliko wote, hupenda kidari, na bei ya kidari ndiyo inayolipa sehemu kubwa ya gharama za kuku. Mapaja yanabaki. Fikiria muuza nazi ambaye faida yake imo kwenye tui: chicha ataitoa kwa bei yoyote, na hakuna atakayesema chicha ni rahisi kwa kuwa mnazi ulidungwa dawa. Ndivyo paja la Marekani linavyosafiri. Mwaka 1990 lilifika Urusi kwa wingi hadi watu wakaliita miguu ya Bush, kwa jina la rais wa Marekani wa wakati ule. Afrika Kusini iliona linauzwa chini ya gharama, ikaliwekea ushuru maalumu mwaka 2000, na mzozo ukaendelea mpaka 2015 walipokubaliana kupokea tani 65,000 kwa mwaka bila ushuru huo. Ukisoma bei ya paja peke yake hujasoma gharama ya kuku.

Mbrazili yeye anauza mzima na vipande pia, akichinja kwa sharia ya Kiislamu kwa ajili ya Waarabu tangu miaka ya 1970, na mwaka 2023 alisafirisha zaidi ya tani milioni 5, zaidi ya theluthi ya biashara ya kuku duniani. Ndiye huyo wa Jeddah.

Zamani nilikuwa mtetezi mkali wa ushuru mkubwa wa kuku wa nje. Siku hizi nayumba. Ushuru unamlinda mama wa Bamburi, lakini vilevile unamlinda mwuzaji wa omena mwenye mchanga, na kibarua wa bandarini anayenunua kuku ndiye anayewalipia wote wawili. Upande wa pili, Mei 2025 homa ya mafua ya ndege iliingia shamba moja la biashara huko Montenegro, kusini mwa Brazili, na China na Ulaya zikasimamisha ununuzi kutoka nchi nzima. Nchi inayokula kuku wa mbali tu ingekula nini wiki ile? Nayageuza mambo haya mawili kichwani na hayakai sawa.

Na hofu ya homoni inanikera zaidi kwa sababu inaficha hofu yenye msingi. Nimeona wafugaji wakiwapa kuku oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki, kwenye maji mpaka asubuhi ya kuchinja, bila kungoja siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Ulaya iliondoa antibiotiki za kukuzia kwenye chakula cha mifugo mwaka 2006. Ukitaka kumwuliza muuza kuku swali, muulize lini aliacha dawa.

Nilimweleza mama yote haya nikiwa nimesimama kwenye lango la kinu, na wakati huohuo lori la mahindi likaingia. Nikalichoma gunia la tatu kwa kipimo, mashine ikasoma unyevu asilimia 16; mwisho unaoruhusiwa ni 13.5. Mahindi ya namna ile yakilala stoo yanaota sumukuvu, ileile iliyoua watu 125 Ukambani na jirani zake mwaka 2004, na kwa kuku inaharibu ini na kumdumaza. Nikayakataa. Dereva akasema kuna kinu kingine kitayapokea kabla ya adhuhuri, akageuza lori. Mama akaniuliza kinu hicho kinauza chakula kwa jina gani.