Trekta kuukuu na injini iliyonoki: dhana potofu zinazoiua mara ya pili

"Fundi, injini imechoka tu. Weka ringi na beringi mpya irudi shambani." (Ringi ni duara za chuma zinazoizunguka pistoni; beringi ni vipande vya metali laini ambamo krenki, shafti kuu ya injini, huzunguka.) Kauli hii nimeisikia hadi siku hizi naijibu kwa swali kabla mwenye trekta hajaimaliza: imechokaje? Huwa hakuna jibu. Kuna kuchoka na kuna kunoki, yaani kufa ghafla ikiwa kazini. Injini inayochoka huanza kunywa oili, hupungukiwa nguvu kidogo kidogo, husumbua kuwaka asubuhi yenye baridi, na humpa mwenyewe misimu kadhaa ya kujiandaa. Iliyonoki jembe likiwa ardhini imeuawa na kitu. Mara nyingi kitu hicho bado kimo ndani ya trekta wakati pistoni mpya zinafungwa.

Dhana: injini ya trekta kuukuu hunoki kwa sababu ya uzee

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inamfanya mwenye trekta alipe mara mbili halafu amlaumu fundi. Chukua Perkins AD3.152, ile ya silinda tatu iliyofungwa kwenye Massey Ferguson 135 nyingi za miaka ya 1960 na 1970. Ni injini ya lita 2.5, mwendo wake wa taratibu, bloki yake ya chuma cha kumimina, laina zake, yaani mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za kubadilisha. Ilitengenezwa ili ifunguliwe na kufungwa upya. Krenki yake unaweza kuichonga kwa hatua, 0.25 mm, kisha 0.50, kisha 0.75, na beringi za saizi hizo zipo. Chuma cha namna hiyo hakinoki kwa kuhesabu miaka.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, isome injini iliyokufa. Ushauri wangu, na nitaurudia hadi niitwe msumbufu: vipande vya ndani visioshwe na visitupwe. Vipange mezani kwa mpangilio vilivyotoka, silinda ya kwanza hadi ya mwisho, beringi ya juu na ya chini pamoja. Fundi anayekimbilia kuosha kila kitu kwa dizeli siku ya kwanza anafuta ushahidi.

Beringi zote zikiwa zimelika hadi shaba inaonekana, oili ilikosekana au ilikosa presha: angalia pampu ya oili, vavu yake ya presha, na chujio la sampu, lile karai la oili chini ya injini. Ikiwa imeungua beringi moja tu na nyingine ni nzima, usiilaumu pampu. Tazama tundu la oili linalolisha shingo hiyo ya krenki, au pima konrodi yake, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, huenda imepinda. Beringi yenye mikwaruzo na chembe zilizozama kwenye metali yake laini imekula uchafu.

Laina nayo inasema. Pitisha ukucha sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Ukikwama kwenye kingo na ringi ya juu imekonda kuliko zenzake, hiyo ni kazi ya vumbi, na vumbi lina njia: mpira wa hewa uliopasuka kati ya kilina (chombo cha kuchuja hewa) na manifodi (bomba la kuingiza hewa kwenye silinda), klempu iliyolegea, au bakuli la oili la kilina ambalo limegeuka tope. Funga ringi mpya huku mpira ule ule umepasuka, utarudi kwangu kabla ya mavuno. Pistoni zote zikiwa zimekwaruzika pande zote, injini ilichemka. Hapo usiishie kuosha rejeta kwa nje. Toa plagi za maji za bloki na uchokoe nyuma, kwenye silinda ya mwisho. Kwenye injini zilizotiwa maji matupu kwa miaka mingi utakuta kutu iliyoshikana kama udongo, na maji hayapiti. Pistoni moja iliyotoboka kichwani wakati nyingine ziko salama inakutuma kwenye nozeli yake, ambayo huenda inadondosha dizeli badala ya kuinyunyiza.

Kuna muuaji mmoja wa kimyakimya ambaye wengi hawamshuku. Oili inapanda kwenye dipstiki badala ya kushuka, mwenye trekta anafurahi kwamba injini "hainywi oili". Hainywi kwa sababu dizeli inaingia kwenye sampu, mara nyingi kupitia kiwambo kilichopasuka cha pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini. Oili inakuwa nyepesi, beringi zinakufa. Funga krenki iliyochongwa vizuri kabisa, acha kiwambo kile kile, na umejenga injini itakayokufa kifo kile kile.

Hata sababu ikijulikana, kuna hatua ambayo mafundi wengi huiruka, nami huigombania. Beringi ikisagika, unga wake husambaa na oili. Unaingia kwenye matundu ya ndani ya krenki, kwenye mifereji ya bloki, kwenye nyumba ya filta na ndani ya pampu ya oili. Kupuliza kwa hewa hakutoshi. Toa plagi zote za mifereji, pitisha brashi ndefu na dizeli safi, kisha puliza, kisha pitisha tena. Krenki irudi kuoshwa hata kama imetoka kuchongwa leo, kwa sababu unga wa jiwe la kuchongea nao umebaki kwenye matundu. Konrodi iliyopata joto kali ipimwe kwa maikromita ikiwa na kofia yake imekazwa kwa toki, yaani kwa nguvu iliyopimwa: jicho lake la chini huwa limekuwa yai, na beringi mpya haiwezi kukaa sawa kwenye yai. Bolti zake zibadilishwe. Mteja akiniambia hiyo ni gharama ya ziada, namwomba apeleke kwa mwingine.

Dhana: kutafuta injini iliyotumika ni nafuu, mradi modeli ni ile ile

Bloki ikitobolewa na konrodi, nakubali tuzungumzie injini nyingine. Lakini modeli ile ile haimaanishi injini ile ile. Perkins 4.236, ya silinda nne na lita 3.9 hivi, ilifungwa kwenye matrekta, foklifti, jenereta, mashine za kuvunia na hata malori. Trekta nyingi, tangu Fordson ya 1917 ilipoufanya mtindo huo kuwa wa kawaida, hazina chesisi: ekseli ya mbele imefungwa kwenye injini, na gia boksi imefungwa nyuma yake. Injini ndiyo uti wa mgongo. Ndiyo maana sampu ya trekta za aina hii ni chuma kizito cha kumimina. Injini ya lori imekaa juu ya chesisi, kwa hiyo sampu yake inaweza kuwa bati. Ukiinunua hiyo, utalazimika kuhamisha sampu, bomba la kuvutia oili, bamba la nyuma na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki), kama vinakubaliana.

Halafu pampu ya dizeli. Ya jenereta imewekwa ishike mizunguko 1500 kwa dakika kwa ajili ya umeme wa 50 Hz, wala haikukusudiwa kufuata mguu au mkono wa dereva. Hamisha pampu yako ya zamani ikiwa ni ya aina moja nayo, au ipeleke ya jenereta ikapangwe upya na mtu mwenye mashine ya kupimia pampu, si kwa kusikiliza kwa sikio.

Na injini iliyotumika ifunguliwe sampu kabla haijafungwa kwenye trekta. Kofia mbili za beringi zikitolewa utajua unanunua nini. Muuzaji akikataa, umeshajua.

Dhana: oili nzito itarudisha presha

Itarudisha mshale wa geji. Nafasi kati ya krenki na beringi haipungui hata kidogo, na asubuhi oili hiyo nzito inachelewa kufika juu, dakika ambayo injini inaihitaji zaidi. Ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Pima presha kwa geji ya mkono injini ikiwa moto, kisha ufungue sampu.

Dhana: toa themostati, injini haitachemka

Dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi huunguza mafuta vibaya, hujaza masizi na kuila laina. Tena kwenye injini nyingi themostati ikishafunguka ndiyo inayoelekeza maji yote kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani bila kupoa. Kama inachemka, tafuta kinachoichemsha.

Dhana: ikigonga au ikitoa moshi mweusi, imekwisha

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kwa hewa kidogo. Anza na kilina, kisha nozeli. Mlio wa kugonga nao usiuhukumu kwa sikio tu. Injini ikiunguruma taratibu, legeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, mkono na uso vikiwa mbali na dizeli inayoruka. Mlio ukipotea kwenye silinda moja, hamishia nozeli hiyo kwenye silinda ya jirani. Mlio ukiifuata nozeli, tatizo ni nozeli na umeokoa injini nzima. Ukibaki palepale, zima na usiiwashe tena "kuifikisha nyumbani". Mita hizo chache ndizo zinazotoboa bloki.

Dhana: injini mpya iachwe ingurume bila kazi siku nzima ili "ijizoeze"

Hapana! Ringi hukaa kwenye laina kwa kusukumwa na presha ya mwako, na bila mzigo presha hiyo haipo. Iache ingurume siku nzima na laina itang'aa kama kioo, ringi hazitashika, itakunywa oili maisha yake yote. Ikishapata joto, ipe kazi ya wastani inayobadilika: trela lenye mzigo kiasi, haro nyepesi. Usiibane gia ya juu kwa mzunguko mdogo, wala usiipeleke kwenye jembe zito siku ya kwanza. Baada ya saa 50 hivi za kazi mwaga oili, pima nafasi za vavu, kaza bolti za silinda hedi kama kitabu cha injini hiyo kinavyotaka. Filta iliyotoka ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe juani. Ukiona chembe zinazomeremeta, simamisha trekta ufungue sampu siku hiyo hiyo.