Matabaka ya udongo, kama tulivyoyaona kwenye shimo la choo

Wakati wa likizo ya Juni tulikuwa tunachimba shimo la choo nyumbani kwa mama, Kibosho, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Mtoto wa dada yangu, wa darasa la nne, alifukuzwa ukingoni mara tatu. Mara ya nne akalala kifudifudi, kichwa tu kikichungulia, akasema, "Mjomba, mbona udongo umepangwa kama chapati?"

Alikuwa ameona vizuri. Ukuta wa shimo ulikuwa na mistari: mweusi juu, kahawia katikati, kisha mwekundu uliochanganyika na mawe. Kila mstari ni tabaka. Tabaka la udongo ni sehemu ya ardhi yenye rangi yake, ugumu wake na vitu vyake, tofauti na iliyo juu yake na iliyo chini yake. Mmea ukiota unayapitia matabaka hayo moja baada ya jingine, na kila moja lina cha kuupa au cha kuunyima.

Juu kabisa ni takataka: majani makavu ya migomba, mabua, vijiti, mavi ya kuku. Funua hapo utakuta majongoo na nyungunyungu kazini. Wanavyokula na kuoza kwa vitu kunavyoendelea, kinabaki kitu cheusi na laini, chenye harufu ile inayopanda mvua za kwanza zinapogusa ardhi. Hiyo ndiyo mboji.

Mboji ikichanganyika na chembe za mawe yaliyosagika tunapata udongo wa juu. Pale kwetu ulifika magotini mwa mchimbaji, na hilo si jambo la kila shamba. Kwenye mteremko usio na makinga maji unaweza kukuta umebaki kina cha kiganja tu. Mizizi mingi ya mahindi, maharage na migomba inakula hapa. Inapumua hapa pia, jambo ambalo hata watu wazima wanalisahau. Udongo mzuri karibu nusu ya ujazo wake ni matundu, mengine yana maji na mengine yana hewa. Maji yakituama siku nyingi yanajaza matundu yote, hewa inatoka, na mizizi inaanza kuoza. Mkulima anaona majani ya njano, anaongeza maji, na mmea unazidi kufa.

Baada ya hapo mchimbaji aliweka jembe kando, akashika sururu. Tulikuwa tumefika udongo wa chini. Huku mboji ni kidogo na udongo wa mfinyanzi, ule unaonata, ni mwingi, kwa sababu mvua za miaka mingi zimeziteremsha chembe ndogo ndogo kutoka juu. Ule wekundu ni kutu hasa, kutu ya madini ya chuma yaliyomo udongoni. Mizizi inayofika huku ni ya miti kama mringaringa na mibuni iliyokomaa. Kiangazi kikikolea na udongo wa juu kuwa vumbi, hawa bado wanakunywa.

Chini zaidi kulikuwa na mawe yaliyooza, ukiyabonyeza yanavunjika kama biskuti, na chini ya hayo uko mwamba mgumu ambao hatukuufikia (fundi alimshukuru Mungu). Mwamba huo ndio mama wa udongo wote ulio juu yake. Kilimanjaro ni volkano yenye vilele vitatu, Shira, Mawenzi na Kibo, na zamani sana ilimwaga lava na majivu mlimani hapa. Jua, mvua na mizizi vikayavunja mawe hayo polepole. Polepole kweli: sentimita 1 ya udongo inaweza kuchukua miaka 100 na zaidi kujitengeneza. Lakini mawe ya volkano yana madini mengi ambayo mimea inayataka, na majivu yake hutoa udongo mwepesi unaoshika maji bila kutuama. Ndiyo sababu moja ya kihamba cha Mchagga, yaani shamba linalozunguka nyumba yake, kubeba migomba, kahawa, magimbi na miti katika eneo dogo. Sababu nyingine ni ng'ombe wa zizini, ambaye samadi yake inarudi shambani.

Matabaka ni habari ya kwenda chini. Aina za udongo ni habari nyingine, na hiyo inategemea ukubwa wa chembe. Chembe ya mchanga unaiona kwa macho, inafika hadi milimita 2. Chembe ya mfinyanzi haifiki milimita 0.002, huwezi kuiona hata ukikodoa. Kati ya hizo kuna tope laini kama unga.

Udongo wa kichanga una matundu makubwa. Maji yanapita kama kwenye kikapu na kuondoka na mbolea, kwa hiyo mchicha wako asubuhi umesimama, saa nane umelala. Karoti lakini inaupenda, kwa sababu inashuka bila kizuizi. Ipande karoti hiyo hiyo kwenye udongo mgumu au wenye mawe, utavuna yenye miguu miwili kama suruali.

Mfinyanzi ni kinyume chake: unashika maji na unashika chakula cha mimea, tena sana. Unaweza kuyang'ang'ania maji kiasi kwamba ukiugusa una unyevu, na mmea ulio ndani yake unanyauka. Shuka kutoka Moshi mjini kuelekea tambarare za kusini wakati wa mvua, utaujua udongo mweusi wa mbuga kwa viatu vyako. Kila hatua unaongeza kilo. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na nyufa hizo zinakata mizizi. Mahindi yanateseka. Mpunga unastawi, kwa sababu mfinyanzi hauyaachi maji yashuke, na mpunga una njia za kupitisha hewa kutoka majani hadi mizizini, kama mtu anayepiga mbizi na mrija mdomoni.

Huko tambarare kuna tatizo jingine ambalo milimani hatulijui: magadi na chumvi. Maji yakipanda na kukauka juani yanaacha ukoko mweupe juu ya ardhi. Chumvi ikizidi kwenye udongo, inayashikilia maji na mizizi inashindwa kuyavuta, hata yakiwa tele. Mmea unakuwa na kiu katikati ya maji.

Aina ambayo kila mkulima anaitaka ni udongo tifutifu: mchanga wa kutosha kupitisha maji, mfinyanzi wa kutosha kuyabakiza, na mboji ya kuvishikamanisha. Chukua udongo wenye unyevu, ufinyange kiganjani. Ukikataa kushikana ni kichanga. Ukikubali kuviringishwa kuwa kamba ndefu na kupindwa bila kukatika ni mfinyanzi. Ukishikana kisha ukavunjika kwa kuguswa kidole, una shamba.

Kuna tabaka moja ambalo hakuliweka Mungu. Shamba likilimwa kwa kina kile kile mwaka baada ya mwaka, hasa kwa trekta udongo ukiwa umelowa, chini ya jembe panashindiliwa hadi panakuwa kama sakafu. Ng'oa hindi dhaifu kwenye shamba kama hilo utazame mizizi: imeshuka kidogo, ikagonga, ikageukia pembeni.

Mama yangu hakusomea haya, ila siku ya kwanza ya kuchimba aliwaamuru mafundi watenge marundo mawili, jeusi huku na jekundu kule. Alipoenda kanisani wakachanganya, na kifusi chekundu kikamwagwa kwenye kona ya bustani ya maharage. Tulipanda hivyo hivyo. Baada ya wiki chache mpwa wangu alipima kwa rula: kwenye udongo mweusi yalifika sentimita 30, kwenye kifusi sentimita 11, na majani yamepauka.

Kwa kuwa rula ilimnogea, nikampa jaribio. Chukua chupa mbili za maji zinazoonyesha ndani, weka udongo hadi theluthi, jaza maji, tia sabuni ya unga kidogo, tikisa sana, kisha usiziguse. Moja aliweka udongo wa bustani, nyingine udongo mweusi wa mbuga niliomletea kutoka Kahe, kule tambarare. Mchanga ulitua kabla hajamaliza kuhesabu hadi 60. Tope laini lilihitaji saa kadhaa. Kesho yake chupa ya bustani ilikuwa imejipanga mistari, na makapi ya mboji yakielea juu. Ile ya Kahe ilikuwa bado kama chai ya maziwa, chembe za mfinyanzi zikielea, na yeye amekaa mbele yake anamkataza dada yake asipite karibu.