Livingstone Hakuijenga Misheni ya Bagamoyo

Wageni wengi wanaotembelea misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo huoneshwa Mnara wa Livingstone, wakaondoka wakiamini kwamba David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ndiye aliyeijenga misheni hiyo, au alizikwa pale. Si kweli. Misheni ilianzishwa mwaka 1868 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa. Livingstone alikuwa Mprotestanti.

Alichofanya pale ni kulazwa akiwa maiti. Alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake hukohuko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga ndani ya gome la mti na kuubeba kwa miguu miezi mingi hadi pwani. Februari 1874 ukapokewa misheni, kisha ukavushwa Zanzibar na hatimaye kuzikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Kwa maoni yangu, mnara huo ungestahili zaidi kuitwa wa Chuma na Susi.

Basi ukishapiga picha mnarani, usiishie hapo. Pita kwenye njia ya miembe mizee, uende makaburini kwa wamisionari wenyewe, usome umri waliofariki nao: wengi walikuwa vijana.