Randa kuukuu na mashine za karakana: dhana potofu kuhusu zilikotoka

Dhana: Tarehe iliyo kwenye chuma ni mwaka wa kutengenezwa.

Hii ndiyo inayopotosha wengi, wauzaji wakiwa mstari wa mbele. Toa kisu kwenye randa ya zamani ya Stanley, kampuni ya zana ya Marekani, uchungulie mwilini, huenda ukakuta "PAT'D APR-19-10". Utaapiwa kuwa randa ni ya 1910. Kumbe hiyo ni tarehe ya hataza, siku Marekani ilipotoa haki ya uvumbuzi, na Stanley waliendelea kuisubu kwenye randa zao hata miaka ya 1920. Inachothibitisha ni kwamba randa haikutoka kabla ya hapo.

Wengine hukimbilia chapa ya kisu. Ile yenye herufi SW na umbo la moyo ilitumika kuanzia mwaka 1920 hivi hadi katikati ya miaka ya 1930. Moyo ulikuwa heshima kwa William Hart, aliyewahi kuiongoza Stanley Works. Dalili nzuri, ila kisu hunolewa mpaka kikaisha, kikawekwa kingine. Mimi ushahidi wa kisu huusikiliza mwisho, baada ya mwili wenyewe.

Dhana: Stanley ni ya Marekani, basi.

Makao yake yalikuwa New Britain, Connecticut, kweli. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1930 kampuni ilinunua kiwanda cha J. A. Chapman huko Sheffield, na randa za Stanley zikaanza kutoka Uingereza pia. Randa iliyofika Kenya au Tanganyika zama za Waingereza yaweza kabisa kuwa ya huko, kwa hiyo tafuta "Made in England" kabla ya kutaja bei.

Dhana: Namba 4 au 5 kwenye randa inaonyesha umri.

Ni ukubwa tu. Kampuni ya Record ya Sheffield, walioanza kutoa randa 1931, waliufuata mpango huohuo wakaongeza sifuri mbele: 04, 05.

Dhana: "Warranted Superior" ni jina la kiwanda.

Maneno hayo yapo kwenye kifungo cha shaba cha mpini wa misumeno mingi. Ni sifa ya kibiashara, na viwanda vingi viliitumia, hasa kwa misumeno ambayo havikutaka kuitia jina lao.

Dhana: Jina kubwa kwenye mashine ndilo la mtengenezaji.

Mashine za chapa ya Craftsman ziliuzwa na Sears, kampuni ya maduka ya Marekani, ila zilitengenezwa na wengine. Soma tarakimu tatu za mwanzo za namba ya modeli: 103 ni King-Seeley, 113 ni Emerson Electric.

Na bamba la jina likiwa limeng'oka? Rangi usiiamini, mashine hupakwa upya. Mota nayo hubadilishwa. Pima hesi, yaani mizunguko ya skrubu, za bolti zilizokuja na mashine, ujue ni ya nchi gani. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth, kipimo cha Kiingereza, ina hesi 12 kwa inchi. Ya kawaida ya Kimarekani ina 13. Usipime ya 3/8, kwa sababu zote mbili zina 16. Hapo utalazimika kuangalia pembe ya hesi, nyuzi 55 kwa Whitworth na 60 kwa ya Kimarekani, kazi isiyowezekana bila geji.