Kipima muda cha espreso kinachojiwasha chenyewe

Kipima muda cha espreso ni saa ndogo inayohesabu sekunde tangu pampu ya mashine ya espreso, kahawa nzito ya kikombe kidogo, ianze kusukuma maji ya moto kupita kwenye unga wa kahawa hadi izimwe. Kikiwa cha kiotomatiki, hakuna anayekibonyeza. Ukiwasha pampu kinaanza kwenye sifuri, ukizima kinasimama na kuiacha namba kwenye skrini uisome. Mashine nyingi za nyumbani za bei nafuu haziji nacho, kwa hiyo wenye nazo hukiongeza wenyewe au humpa fundi.

Mtu atauliza, simu si ina saa? Inayo, lakini leo utaibonyeza kabla ya pampu kuwaka, na kesho tone la kwanza likishaanguka kikombeni. Tone hilo linaweza kuchelewa hata sekunde 8, maana maji lazima kwanza yajaze nafasi iliyo juu ya unga na kuulowanisha. Ukichanganya mianzo hiyo miwili, unaweza kudhani kahawa imebadilika kumbe ni kidole chako. Kifaa hiki huanza kuhesabu pale pale kila siku, na kwangu mimi hiyo ndiyo thamani yake yote.

Sekunde zenyewe husomwa pamoja na uzito. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni gramu 18 za unga, zitoe gramu 36 hivi za kinywaji ndani ya sekunde 25 hadi 30, kwa mgandamizo wa baa 9. Gramu hizo 36 zikijaa ndani ya sekunde 15, unga ni wa chenga mno: kahawa itakuwa chachu na nyepesi. Zikichukua sekunde 45, unga ni laini mno, na utasikia uchungu unaokausha ulimi. Bila mizani, namba ya kwenye skrini haina maana kubwa, kwa hiyo usinunue kimoja ukaacha kingine.

Kwa sisi tulio Uganda jambo hili lina uzito wake. Mtu wa Mbale anaweza kunywa arabika ya Bugisu kutoka miteremko ya Mlima Elgon wiki hii, na wiki ijayo akaletewa robusta ya Masaka. Ni mimea miwili tofauti, na kinu cha kusagia kahawa ulichokirekebisha kwa ajili ya moja hakitafaa kwa nyingine. Hata kahawa ile ile hubadilika kadiri siku zinavyopita tangu ikaangwe, kwa kuwa gesi iliyomo ndani ya punje hupungua. Ukiona sekunde zinashuka siku baada ya siku bila wewe kugusa kinu, ujue mfuko unazeeka. Saga laini kidogo. Halafu kuna umeme wetu. Jioni volti zikishuka chini ya 240, pampu ndogo za nyumbani husukuma kwa nguvu pungufu. Sekunde zikipanda ghafla saa moja usiku, usikimbilie kulaumu kahawa.

Sasa, kifaa kinajuaje kwamba pampu imewaka? Zipo njia kadhaa. Baadhi ya mafundi huunganisha waya kwenye umeme wa pampu kupitia kiungo kinachopitisha ishara kwa mwanga, ili umeme mkubwa usifike kwenye saa. Wengine hutumia sensa ya mtikisiko, lakini hiyo hudanganywa na kinu kikisaga pembeni.

Ninayoipenda ni ya sumaku. Pampu ya mtetemo, ile inayounguruma ukiiwasha, ina koili ya waya inayovuta pistoni kwa sumaku na springi inayoirudisha, mara 50 kila sekunde kwa umeme wetu. Karibu na koili hiyo huwekwa swichi ndogo: kichupa chembamba cha kioo chenye vibamba viwili vya chuma ambavyo karibu vigusane. Sumaku ya koili ikivuta, vibamba vinagusana, ikiachia, vinaachana. Hakuna waya wa mashine unaokatwa wala kuunganishwa.

Ugumu uko hapo kwenye mara 50. Saa ikisoma kila mwachano kama pampu imezimwa, itaanza na kusimama bila kikomo. Kwa hiyo programu huandikwa isubiri: ishara ikinyamaza sekunde nzima ndipo ihesabu kwamba pampu imezimwa, kisha iitoe sekunde hiyo kwenye jumla. Huwekewa pia sharti la kupuuza mwendo mfupi, tuseme chini ya sekunde 10, kwa sababu pampu hiyo hiyo huwaka ukitoa maji ya moto au mashine ikijaza boila yake, yaani tangi la kuchemshia maji.

Kabla ya kufungua mfuniko, chomoa plagi ukutani na uache mashine ipoe kabisa. Kuzima swichi hakutoshi, kwa kuwa ndani kuna volti 240 na maji kwa pamoja. Saa yenyewe ilishe kwa chaja ya simu au pawabanki, na waya zake zipite mbali na boila, kwani plastiki yake huyeyuka ikigusa chuma cha moto. Kama hujawahi kushika kazi ya umeme, mpe fundi.

Swichi ya sumaku haifanyi kazi popote utakapoiweka. Ifunge kwa kamba ya plastiki ubavuni mwa koili, rudisha mfuniko, ndipo uchomeke plagi na kuwasha pampu bila unga. Namba zikikatika katikati, zima, chomoa tena, igeuze kichupa kilale upande mwingine au kisogeze kidogo. Rudia mpaka sekunde ziende mfululizo.