Fundo la Ndoano: Yasemwayo Mwaloni na Ukweli Wake

Pale Kibirizi, mwalo wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, samaki akiondoka na ndoano lawama humwangukia muuza duka: "Nailoni za siku hizi feki." Wakati mwingine ni kweli. Ila kwanza itazame ncha iliyorudi mkononi. Ikiwa imejiviringa kama maranda ya seremala, mshipi haukukatika. Fundo limeteleza likafunguka. Ikiwa imechubuka na kuchanika, shuku mawe, na ufuko wa Tanganyika umejaa mawe.

"Fundo likiwa kubwa ndiyo imara." Hii imeenea kuliko zote. Mtu anapiga fundo la kufungia kiroba, anarudia juu yake mpaka linakuwa donge. Fundo la namna hiyo hujikaba lenyewe na linaweza kuupunguzia mshipi karibu nusu ya nguvu zake. Marudio ya juu hayaponyi kitu, maana udhaifu uko kwenye lile la kwanza. Kinachoshika ni mizunguko iliyolala vizuri. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoano, izungushie mshipi wenyewe mara 5 hadi 7 (mshipi mnene, 4 zinatosha), irudishe kwenye kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu, kisha ndani ya kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Vuta taratibu. Mizunguko ikipandana, kata ufunge upya, usijipe moyo.

"Kutemea fundo mate ni ushirikina wa wazee." Wazee wako sahihi. Nailoni kavu ikikazwa hujisugua, hupata joto, na joto huidhoofisha palepale kwenye fundo. Maji ya ziwa nayo yanafaa, kwa anayeona kinyaa.

Wanaochoma ncha kwa kiberiti "ili isichomoke" wanalidhoofisha fundo kwa joto lilelile. Acha ncha ya milimita 2 au 3, basi.

"Fundo moja linafaa uzi wowote." Uzi wa kusukwa hauvutiki na unateleza zaidi. Ukunje mara mbili, upitishe kwenye tundu, piga fundo moja legevu, ndoano nzima ipite ndani ya kitanzi kilichobaki, lowesha, kaza.

Na lililoshika jana si lazima lishike leo. Ukishampandisha samaki wa maana kama kuhe, pitisha kucha kwenye shubiri ya mwisho ya mshipi, hadi kwenye fundo. Ukihisi mkwaruzo, kata hapo juu yake, funga tena kabla hujatia chambo.